Mlango Uliopangwa na Mwizi



Wahenga wetu wamesema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wamesema kweli, na walikuwa wakimuonya mtu asihadaike na nakshi za mbao na misumari ya shaba, akadhani kuwa wenye nyumba nao wamenakshika kwa tabia. Lakini methali hii tumeitumia vibaya. Tumeifanya kuwa ruhusa ya kutojali kilichopo mlangoni, tukaona kuwa pale ni mahali pa kutupia tu: viatu hapa, ndoo pale, jembe nyuma ya ubao, na juu yake mfuko usiojulikana una nini ndani. Na wengine wameangukia upande wa pili. Wameufanya mlango kuwa duka la maonyesho, wakaweka kioo kikubwa, kabati la viatu na maua ya plastiki. Na wanaotufundisha siku hizi namna ya kupanga nyumba hawaulizi neno ila moja, panapendeza au hapapendezi?

Swali letu leo ni jingine, nalo ni hili: ni nani aliyeupanga mlango wako, na alikuwa akimwogopa nani alipokuwa akiupanga?

Ili tulijibu vizuri, tutoke kidogo mwambao twende mpaka Nyarugusu. Sikusudii kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambayo jina lake husikika sana katika habari. Nakusudia Nyarugusu ya Geita, mji mdogo wa wachimbaji wa dhahabu, uliokuwa ukihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza mpaka ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Machimbo huvuta watu wa kila upande, na wa kwetu nao hawakosekani. Huenda wewe usomaye una mwana au ndugu aliyekwenda huko kutafuta riziki. Nimeuchagua mji huu kwa sababu pale habari ya mlango si habari ya kupendeza na kuchukiza. Ni habari ya uhai wa watoto.

Basi utazame mlango wa mchimbaji mdogo. Mara nyingi nyumba ni ya matofali na bati, vyumba vimepangwa safu moja, na kila chumba ni nyumba kamili ya mtu na mkewe na wanawe. Baba hurudi jioni kutoka kwenye duara, nguo zimekauka tope na gambuti zimejaa udongo. Ana sururu, nyundo na moko. Huenda ana kiroba cha mawe kinachongoja zamu ya kusagwa kwenye karasha, au mchanga wa marudio anaotaraji kuuosha tena. Na huenda ana kichupa kidogo, kilichokuwa cha dawa au cha soda, ambacho ndani yake mna zebaki ya kunasia dhahabu.

Vitu hivi vyote ataviweka wapi? Ndoo ya maji itabaki nje, kwa kuwa haina thamani kubwa. Sabuni haina mahali maalumu. Lakini kiroba kitaingizwa ndani, kipite mlangoni, kipite penye jiko, kifike uvunguni mwa kitanda. Gambuti zitaingia kwa kuwa ni mpya. Nyundo na moko vitaingia kwa kuwa ndivyo vyombo vya kazi. Na kichupa cha zebaki, kwa kuwa ni ghali na ni kidogo, kitapata mahali pa heshima kuliko vyote: juu ya kabati, au ndani ya sanduku pamoja na nguo za watoto.

Ukiutazama mpangilio huu kwa makini, utaona kuwa una kanuni yake. Si ovyo hata kidogo. Kila chenye thamani kinaingia ndani zaidi, na kila kisicho na thamani kinabaki nje. Aliyeiweka kanuni hiyo si baba wala si mama. Ni mwizi. Mwizi ambaye pengine hajawahi hata kuikanyaga nyumba ile ndiye aliyempa kila kitu mahali pake, kwa kuwa yeye ndiye anayeogopwa peke yake.

Wala sisemi kuwa woga huo ni upuuzi. Mwizi yupo. Kiroba kimoja huweza kuwa ni jasho la wiki nyingi, na mwenye kukipoteza hana wa kumlipa. Kuhifadhi mali ni katika mambo ambayo Sharia yenyewe imekuja kuyalinda. Lakini Sharia hiyo hiyo inalinda nafsi, na wanavyuoni wametangulia kutufundisha kuwa nafsi hutangulizwa mbele ya mali. Aibu ya mlango huu ni kuwa umemfungia nje mtu awezaye kuchukua kiroba, na umemfungulia ndani adui awezaye kuchukua mtoto.

Na adui huyo ni nani? Wa kwanza ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na unga wa mawe, ikashikamana na dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa motoni, zebaki ikapaa kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Mwenye kuuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, husahau, hukosa usingizi, na figo zake huumia. Na mwanamke mwenye mimba akiuvuta, madhara hufika kwa aliyemo tumboni. Zebaki hailazimiki kupata moto ndipo ipae. Ikimwagika chumbani hugawanyika vipande vidogo vidogo vya duara, vikaingia katika nyufa za sakafu, na hapo hupaa kidogo kidogo siku baada ya siku. Na katika nyumba, ni nani akaaye sakafuni kuliko wote? Ni mtoto anayetambaa.

Adui wa pili ni vumbi. Mawe yanayosagwa hutoa vumbi jembamba ambalo likivutwa miaka mingi huyakausha mapafu, na aliyeumia hivyo huwa mwepesi kushikwa na kifua kikuu. Vumbi hilo halibaki kazini. Husafiri katika nguo na katika nywele na katika nyayo za viatu, likafika mpaka kwenye mkeka ambao mama amelaza mtoto.

Haya si maneno ya kutishana. Kijiji cha Rwamagasa, kisicho mbali na Nyarugusu, kilifanyiwa uchunguzi na wataalamu katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliohusu zebaki, miaka ya mwanzo ya 2000, na waliokutwa na zebaki nyingi zaidi mwilini walikuwa ni wale wanaochoma madonge. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, katika wilaya za Chunya, Geita na Kahama, na ndani yake mna habari za watoto wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo mataifa yaliafikiana juu ya Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba ule umetaja mambo manne katika uchimbaji mdogo ambayo nchi zinatakiwa ziyaondoe kabisa, na moja katika hayo ni kuchoma donge la zebaki mahali wanapokaa watu. Tazama basi: mlango wa nyumba ya maskini umeingia katika maandiko ya mataifa, na mwenye nyumba mwenyewe hajaambiwa.

Na ukitaka kujua mwisho wa kutojali, sikia habari ya Zamfara, kaskazini ya Nigeria, nchi ya Waislamu wenzetu. Huko mawe ya dhahabu yalipelekwa majumbani yakasagwa ndani ya nyua, na mengine kwa vinu vya kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi ndani yake, ile madini ya sumu. Mwaka 2010 watoto walianza kufa wakiwa na degedege, na waliopotea walikuwa zaidi ya 400. Sisemi kuwa mawe ya Geita ni sawa na ya Zamfara. Nasema kuwa njia ni moja. Wazazi wale hawakuwa waovu. Waliileta kazi nyumbani kwa kutafuta usalama na sitara, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kuwa katika mlango pana vitu visivyopita.

Sasa tuupime mlango huu kwa kipimo chetu wenyewe. Dini yetu haikuuacha mlango bila ya kanuni. Katika Surat Nnur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Basi ikiwa binadamu mwenye heshima zake husimama nje akapiga hodi, vipi tope la duara na sumu ya kichupa viingie bila ya kuulizwa? Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alivua viatu vyake hali yuko katika sala, kwa kuwa Jibrili alimpa habari kuwa vina uchafu, na akawafundisha Masahaba kuvitazama viatu vyao kabla ya kuingia msikitini. Tena ametuusia kuwa usiku tufunike vyombo, tufunge viriba, tufunge milango na tuzime taa. Mwenye kuyazingatia mafundisho haya ataona kuwa ni elimu nzima ya kupanga nyumba, na msingi wake si urembo. Msingi wake ni kuwa kila kitu kina mpaka, na kila madhara yana mahali pa kusimamishwa.

Wazee wetu wa mwambao waliifahamu elimu hiyo wakaijengea kwa mawe. Katika nyumba zao za kale kulikuwa na baraza nje, kisha daka lenye viti vya mawe, kisha ukumbi, na ndani zaidi ndipo palipo pa wenyewe. Mgeni alijua aishie wapi na habari yake iishie wapi. Na katika misikiti ya kale, kama ule mkubwa wa Gedi, penye birika la kutawadhia pamewekwa vijiwe vya kusugulia nyayo, ili uchafu wa njia usivuke. Watu hawa waliupanga mlango kwa haki: haki ya mgeni, haki ya mke, haki ya Mola wao.

Lakini, ndugu msomaji, usikae kitako ukawacheka watu wa Nyarugusu kwa sababu babu yako alikuwa na daka. Lifungue leo daka lako utazame. Katika nyumba ngapi za mitaa yetu mafuta ya taa yametiwa ndani ya chupa ya soda, ikawekwa chini nyuma ya mlango, mtoto mwenye kiu akaikamata akanywa? Katika ujia mwembamba wa nyumba ngapi umewekwa mtungi wa gesi, na pikipiki yenye petroli, na dumu la petroli la mashine ya mashua, vyote katika njia moja ambayo kwayo watu watakimbilia siku ya moto, Mungu atuepushe? Hivyo navyo vimeingizwa ndani kwa kumwogopa mwizi. Basi mwizi wa Nyarugusu na mwizi wa mwambao ni mtu mmoja, na sote ametupangia nyumba zetu.

Twende kwenye dawa, kwani kulaumu bila ya kuonyesha njia ni nusu ya maneno.

Mlango upangwe kwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni nje. Hapo pawe na upenu mdogo, na chini yake sanduku la mbao nzito au la bati, lililofungwa kwa mnyororo na kufuli ukutani au kwenye nguzo. Humo mtaingia gambuti, nguo za kazi, nyundo, moko na kiroba. Kwa njia hiyo mwizi tumemzuia bila ya kumpa chumba cha watoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi na kanga, na maji yake yasimwagwe penye kisima. Karai la kuoshea mchanga lisiwe ndilo la kukandia unga, hata likisuguliwa mara saba.

Sehemu ya pili ni kizingiti. Hapo pakae ndoo yenye kifuniko, kopo, sabuni na kandambili safi za ndani. Baba anawe mikono, uso na miguu, abadilishe nguo, kisha ndipo atoe salamu na kumbeba mwanawe. Huo udhu wa Magharibi ambao hata hivyo utamlazimu, autangulize pale pale mlangoni.

Sehemu ya tatu ni ndani ya mlango. Hapo pakae vitu vya amani: mswala uliokunjwa, taa ya mkononi mahali inapoonekana gizani, funguo juu ya msumari, maji ya kunywa yaliyofunikwa, na njia iliyo wazi ambayo mtu aweza kuipita usiku bila ya kujikwaa.

Ama zebaki, yenyewe haina sehemu katika sehemu hizi tatu. Haina ndani wala haina nje. Ibaki kule kule kwenye mwalo panapofanyiwa kazi, na donge lichomwe huko, mbali na watu, katika kile chombo cha chuma kilichofunikwa ambacho huukamata mvuke na kuirudisha zebaki ikatumika tena. Hivyo mwenye kazi hupunguza gharama na madhara kwa pamoja. Na ikitokea kumwagika chumbani, isifagiliwe kwa ufagio, kwani ufagio huigawa na kuitawanya zaidi. Watoto watolewe nje, madirisha yafunguliwe, na vipande vikusanywe kwa makaratasi magumu vitiwe katika chupa yenye kifuniko.

Najua yatakayosemwa. Atasema mmoja: maji huko kwetu hununuliwa kwa dumu, ya kunawa mlangoni tutayatoa wapi? Jawabu ni kuwa imesihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi, yaani kibaba kimoja, kadiri ya theluthi mbili za lita. Kopo moja la maji linatosha kumsimamisha adui kizingitini. Atasema wa pili: tumeishi na zebaki miaka mingi na hatujafa. Huyu aambiwe kuwa sumu hii haiui kama nyoka. Huko Minamata, Japani, mji uliolipa jina lake lile Agano la mataifa, watu walikula samaki wa bahari iliyotiwa zebaki na kiwanda kwa miaka kadha, na ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956 palikuwapo watoto waliozaliwa wakiwa wameharibika tayari, hali mama zao walionekana wazima.

Na atasema wa tatu: haya mambo ya kupanga vyombo ni kazi ya wanawake. Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Mke hakukileta kiroba. Mke hakukinunua kichupa. Vimemkuta nyumbani, akaambiwa avilinde, na mara nyingine akaambiwa achome donge juu ya jiko lile lile la ugali. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ametajwa kuwa ni mchunga wa watu wa nyumba yake. Usimtwike mkeo ulinzi wa sumu, kisha ukaita kuwa ni utiifu.

Tena yuko mtu wa nne ambaye hasemi neno, naye ni mwenye nyumba ya kupangisha. Yeye hupokea kodi ya vyumba sita vilivyo safu moja, hakuweka upenu, hakuweka mahali pa kunawia, na akisikia kuwa mpangaji wa chumba cha tatu huchoma dhahabu ndani, hunyamaza maadamu analipa. Moshi wa chumba cha tatu huingia cha pili na cha nne. Haamini imani iliyo kamili mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Basi ni vipi hali ya yule anayekusanya kodi kwa majirani wote na asiwalinde? Upenu wa bati mbili na sanduku lenye kufuli kwa kila mlango si gharama ya kumfilisi, na ni sadaka itakayobaki ikimwandikia.

Nawe uliye mwambao, ukimpigia simu mwanao aliye Geita, usimuulize tu kama amepata. Muulize gambuti zake zinalala wapi. Muulize kichupa kiko wapi. Kisha weka simu chini, uende ukaitoe ile chupa ya soda nyuma ya mlango wako mwenyewe, uitie mafuta yake katika chombo cha kufunga na ukiweke juu, mkono wa mtoto usipofika.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye kuingiwa na baraka na kuzuiliwa madhara, na awahifadhi watoto wetu wa pwani na wa bara. Amin.

Wabillahi ttawfiq.